Jirani ndiye mwalimu: Safari kutoka Kamukunji hadi Konza

Kamukunji husikika kabla haijaonekana. Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukafuata barabara ya Landhies, ukapita soko la Muthurwa na stendi ya mabasi ya Machakos, nyundo zitakupokea ungali mbali. Ni mlio usiokoma tangu asubuhi hadi jua linapotua: chuma juu ya chuma, mikono mingi ikipiga kwa mapigo yasiyolingana, na hata hivyo hakuna anayemkanganya mwenziwe.

Familia nyingi za jiji huja hapa mara moja au mbili kwa mwaka, aghalabu shule za bweni zinapokaribia kufunguliwa. Mzazi hununua sanduku la bati, hubishana bei, humtwika kijana wake mzigo huo na kuondoka akiziba masikio. Leo, msomaji, nakuomba usiondoke haraka. Tufunge safari pamoja, kutoka hapa Kamukunji hadi barabara ya Ngong, na hatimaye hadi nyika ya Konza kwenye njia iendayo Mombasa. Si safari ndefu, lakini inaweza kutusaidia kujibu swali ambalo serikali nyingi duniani zimetumia mabilioni kulitafutia jibu: ni nini hasa kinachofanya mahali fulani pazae mafundi, wavumbuzi na wafanyabiashara wapya kila uchao, ilhali mahali pengine, pengine penye majengo mazuri zaidi, hapazai kitu?

Swali hili si la wakubwa serikalini pekee. Ni la kila mzazi anayelipa karo, na la kila mwanafunzi anayejiuliza kazi itatoka wapi atakapomaliza masomo.

PIPA LINAPOGEUKA SANDUKU

Tuanze kwa kutazama. Pale pembeni kuna pipa la mafuta lililokwisha kazi yake ya kwanza. Fundi mmoja analikata kwa tindo na nyundo, analifungua na kulinyoosha mpaka linakuwa bati bapa kama karatasi. Mwenzake anachukua bati hilo, anapima na kukunja kingo. Wa tatu kazi yake ni vishikio na bawaba tu. Wa nne anapaka rangi. Ukitazama vizuri utaona kwamba hapa hakuna kiwanda, na bado kazi inagawanywa kama kiwandani. Tofauti ni kwamba hakuna meneja aliyepanga. Waliipanga wenyewe kwa sababu wanakaa karibu karibu, na kila mmoja anajua jirani yake anaweza nini.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya. Kabla ya hapo, wataalamu wengi waliwaona watu kama hawa kuwa wasio na kazi, au wanaosubiri kazi. Ripoti hiyo ilisema la: hawa wanafanya kazi, wanazalisha, na serikali inapaswa kuacha kuwafukuza na kuanza kuwasaidia. Ilichukua miaka. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wakifanya kazi chini ya jua kali, akaahidi kwamba watajengewa mabanda. Mwaka uliofuata, waraka rasmi wa serikali kuhusu uchumi, ule Waraka Nambari 1 wa 1986, uliitambua sekta hii, na mwaka 1992 ukatolewa waraka mwingine uliohusu biashara ndogo na jua kali hasa. Jina lililokuwa la dhihaka likawa jina la heshima.

Lakini tusidhani kwamba mabanda ndiyo yaliyoizaa Kamukunji. Mafundi walikuwapo kabla ya mabanda. Paa lilikuja kuwafunika watu waliokuwa tayari wamefika, na mpangilio huo, msomaji, tuuweke akilini kwani tutauhitaji mwisho wa safari.

JIKO LENYE KIUNO

Ukitaka mfano mmoja wa uvumbuzi uliokulia katika karakana kama hizi, nenda nyumbani utazame jikoni. Lile jiko la makaa lenye gamba la bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo limebanwa kiunoni kama saa ya mchanga, lina historia inayostahili kufundishwa shuleni.

Hapo zamani jiko la mjini lilikuwa la bati tupu. Moto ulitoka kila upande, mpishi akaungua mikono, na makaa yakaisha kabla ya maharagwe kuiva. Mwezi Agosti 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya ulifanyika Nairobi, na suala la kuni na makaa likapata wasikilizaji. Wataalamu wa Kenya walitazama jiko la ndoo linalotumiwa Thailand, lenye udongo ndani. Hawakulileta kama lilivyo. Mbunifu Maxwell Kinyanjui na wenzake, pamoja na muungano wa mashirika uliojulikana kama KENGO, walilibadilisha likafaa sufuria zetu, sima yetu na mifuko yetu. Kiuno kile kinaushikilia udongo usiteleze, na kitako kipana kinalizuia jiko lisipinduke mama anaposonga sima.

Wafinyanzi walitengeneza sehemu ya udongo, wahunzi wa jua kali wakatengeneza gamba. Hakuna aliyezuiwa kuiga. Fundi aliyeona jiko la jirani linanunuliwa alilitazama, akalipima kwa mikono yake na kutengeneza lake. Wengine waliiga vibaya, udongo ukapasuka, na wateja wakarudi.

"Fundi, hili lako halikumaliza hata mwezi," mama humwambia mwenye kosa mbele ya watu.

"Nipe, mama, nikubadilishie," fundi hujibu, akijua jirani zake wanasikiliza.

Hiyo ndiyo idara ya utafiti ya Kamukunji. Mteja hasafiri mbali kulalamika, na fundi hawezi kujificha. Jiko lenyewe hupunguza matumizi ya makaa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 likitengenezwa vizuri, na limevuka mipaka likafika Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia.

Katika kisa hiki kidogo yamo mambo matatu. La kwanza, shida ilikuwa mlangoni. Waliolitengeneza waliishi na wanaolitumia. La pili, ujuzi ulipita kutoka mkono hadi mkono, kwa kuona na kuiga. La tatu, mwanafunzi alikuwa na ruhusa ya kuondoka. Kijana hujifunza kwa fundi miaka miwili mitatu, halafu siku moja hununua nyundo yake na kufungua kazi hatua chache kutoka kwa mwalimu wake. Mwalimu hununa, bila shaka. Lakini karakana moja imekuwa mbili, na mnunuzi anayekuja kutafuta sanduku sasa ana sababu mbili za kuja Kamukunji.

BONDE LA MATUNDA

Kabla hatujapanda matatu, hebu tuvuke bahari kwa fikira, kwa maana mambo haya matatu yanaonekana pia katika eneo linalotajwa kila mahali teknolojia inapozungumziwa. Nalo ni bonde la Santa Clara kule California, Marekani, ambalo ulimwengu unaliita Silicon Valley.

Miaka ya 1930 bonde hilo lilisifika kwa matunda. Lilikuwa shamba la miti, na mji wa San Jose ulijulikana kwa viwanda vya kutia matunda mikebeni. Jirani yake palikuwa na Chuo Kikuu cha Stanford, kilichofungua milango mwaka 1891. Profesa mmoja wa chuo hicho, Frederick Terman, alichoshwa na kuona wanafunzi wake bora wa uhandisi wakikimbilia kazi mashariki mwa Marekani. Akawahimiza wabaki wafungue kazi zao papo hapo. Wawili kati yao, William Hewlett na David Packard, walianza mwaka 1939 katika banda la kuegeshea gari huko Palo Alto, wakiwa na mtaji wa dola 538. Mmoja wa wateja wao wa mapema alikuwa studio ya Walt Disney, iliyonunua mitambo minane ya kupima sauti. Unaona? Hata kule, mwanzo ulikuwa jua kali, ila juu palikuwa na paa.

Mwaka 1956 William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, alifungua maabara yake Mountain View. Alilichagua bonde hilo kwa sababu zake, na moja ni kwamba mama yake aliishi Palo Alto. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel. Alikuwa na kipawa cha kuwatambua vijana wenye akili, lakini kukaa nao kulimshinda. Mwaka 1957 vijana wanane walimkimbia na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Nayo Fairchild ikafanyiwa vivyo hivyo: wafanyakazi wake wakatoka mmoja mmoja na kufungua kampuni zao. Robert Noyce na Gordon Moore walitoka mwaka 1968 wakaanzisha Intel. Jina la Silicon Valley lilianza kuonekana gazetini mwaka 1971.

Sheria ya California ilisaidia bila kukusudia. Tangu mwaka 1872 mikataba inayomkataza mfanyakazi kwenda kushindana na mwajiri wake wa zamani haina nguvu huko. Kijana akitoka, ametoka. Fedha nazo hazikudondoka kutoka mbinguni: jeshi la Marekani na mpango wa Apollo wa kumpeleka mtu mwezini ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa vifaa vya kwanza, hata vilipokuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Serikali ilikuwa mteja kabla ya kuwa mpiga makofi.

Kuna mahali pengine Marekani palipokuwa na kila kitu: barabara ya 128 pembeni mwa mji wa Boston. Palikuwa na vyuo vikuu mashuhuri, kampuni kubwa na fedha. Lakini mtafiti AnnaLee Saxenian, katika kitabu alichochapisha mwaka 1994, alieleza jinsi kampuni za huko zilivyojifungia kila moja ndani ya ukuta wake, zikafanya kila kitu peke yake na kuficha kila siri. Wafanyakazi walikaa miaka mingi mahali pamoja na hawakujuana na wa kampuni ya pili. Upepo wa biashara ulipogeuka katika miaka ya 1980, wale wa California waliokuwa wakibadilishana watu na habari waligeuka nao, na wale wa ukutani wakachelewa. Digital Equipment, iliyokuwa fahari ya eneo hilo, ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998.

Naam, jirani ni mali kuliko ukuta. Sasa turudi nyumbani.

BARABARA YA NGONG

Matatu za nambari 111 hutupandisha kutoka mjini kuelekea Ngong. Kwa miaka mingi barabara hii ilijulikana kwa mafundi wa samani waliopanga vitanda, makochi na meza kando ya lami, ukiona ukipendacho unashuka. Hilo tu lingetosha kukudokezea kwamba tumefika mahali penye desturi ya kazi ya wazi, inayofanywa mbele ya macho ya mpita njia.

Mwezi Machi 2010, katika jengo la Bishop Magua Centre, ghorofa ya nne, palifunguliwa ukumbi ulioitwa iHub. Aliyeuanzisha ni Erik Hersman, mmoja wa waasisi wa Ushahidi. Nayo Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, wakati nchi ilipokuwa ikiwaka baada ya uchaguzi. Wakili na mwandishi Ory Okolloh alitoa wazo, na pamoja na Juliana Rotich, David Kobia na Hersman, ukatengenezwa mtambo uliomwezesha mwananchi kutuma habari ya ghasia ikaonekana kwenye ramani. Programu hiyo iliachwa wazi kwa yeyote kuitumia, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kwa mara nyingine, msomaji, shida ilikuwa mlangoni, na hakuna aliyezuiwa kuiga.

Ndani ya iHub palikuwa na meza ndefu, kahawa, na intaneti yenye kasi. Vijana waliokubaliwa kuwa wanachama waliweza kuketi na kufanya kazi bila kulipa kodi ya chumba. Leo hilo halitushangazi, lakini tukumbuke hali ilivyokuwa. Hadi mwaka 2009 intaneti yetu ilipitia angani kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo kebo mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. TEAMS ilisukumwa na serikali ya Kenya yenyewe, Bitange Ndemo akiwa katibu wa kudumu katika wizara ya habari na mawasiliano. Kebo ilileta uwezo, na ukumbi ukawaleta watu mahali pamoja. Katika jengo hilo hilo vikajazana vituo vingine vya kulea kampuni changa. Mwaka huo huo wa 2010 wasichana walianzisha AkiraChix ili kuwafunza wenzao utengenezaji wa programu, na wasichana watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, wakaanzisha M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi wa simu ili dalali asimdanganye.

Lakini barabara ya Ngong haikuanza na kahawa. Nyuma yake kulikuwa na M-Pesa. Majaribio ya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo kulipa madeni yao madogo kwa simu. Wateja wakakifanyia chombo hicho jambo ambalo wenyewe hawakulitarajia: wakaanza kutumiana pesa. Wenye mradi walikuwa na busara ya kuwatazama wateja na kuwafuata. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza, maana kila mtu wa mjini alikuwa na mzazi mashambani, na kila mmoja alikwisha kumpa dereva wa basi bahasha akaomba Mungu ifike. Benki Kuu nayo haikuizuia, iliiruhusu ikaifuatilia; sheria ya malipo ikaja baadaye, mwaka 2011.

Chombo hicho hicho kilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, kwenye benki nyingi na sheria tofauti. Hakikushika. Kilifungwa mwaka 2016. Hivyo basi, hata kitu kizuri hakioti popote kinapotupwa.

SI KILA MBEGU HUOTA

Itakuwa si haki nikikuonyesha waliofaulu pekee. Kampuni nyingi zilizoanza kwa vifijo barabara ya Ngong na Kilimani zimezimika, na M-Farm yenyewe haikudumu. Mwaka 2021 kampuni iitwayo Kune ilichangiwa dola milioni 1 na wawekezaji ili iwauzie watu wa Nairobi chakula kilichopikwa tayari, kwa madai kwamba chakula kizuri cha bei nafuu ni adimu. Watu wa jiji hili, ambao kila kona wana kibanda cha chapati na maharagwe, walicheka. Juni 2022 kampuni ikafunga milango, ikieleza kwamba bei ya vyakula imepanda na fedha zaidi hazikupatikana. Ilikuwa na fedha na ofisi, lakini shida iliyokuja kuitatua haikuwa mlangoni pa wateja wake.

Kuna pia lalamiko linalosikika mara kwa mara miongoni mwa vijana wetu: kwamba wawekezaji kutoka ng'ambo huwaamini upesi waasisi wanaofanana nao, na Mkenya mwenye wazo lile lile husubiri. Na kodi ya nyumba nayo ni adui wa kimya kimya. Mahali pakisifika, wenye majengo hupandisha bei, na kijana mwenye kompyuta moja na wazo moja ndiye wa kwanza kusukumwa nje. iHub yenyewe ilihama Bishop Magua, na mwaka 2019 ikachukuliwa na CcHub ya Nigeria. Kamukunji na Gikomba hali ni hiyo hiyo kwa namna nyingine: ardhi haina uhakika, na moto ni mgeni wa mara kwa mara. Moto wa Gikomba wa Juni 2018 uliwaua watu 15. Walionusurika walirudi kujenga pale pale, kwa sababu wateja wao na jirani zao wako pale pale. Huo ni ushahidi wa nguvu ya mahali, lakini pia ni aibu yetu, kwamba eneo linalolisha maelfu bado linategemea bahati.

NYIKA YA KONZA

Tushike sasa barabara ya Mombasa. Tunapita Athi River, majengo yanapungua, nyasi zinaanza, na baada ya takriban kilomita 60 kutoka Nairobi tunafika penye mipaka ya Machakos, Makueni na Kajiado. Konza ni jina la zamani. Ni stesheni ya reli, mahali ambapo njia ya kwenda Magadi huachana na njia kuu ya Mombasa.

Hapa serikali ilipata ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili ili ijenge mji wa teknolojia, mradi mmojawapo mkubwa wa Ruwaza ya 2030. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi Januari 2013. Kwa miaka mingi baadaye wapita njia walitazama dirishani wakaona nyasi na lango. Kisha barabara, mabomba na nyaya zikatandazwa, na kituo cha taifa cha kuhifadhi data kikajengwa. Mtu asiseme hakuna kilichofanyika.

Hata hivyo, simama hapa kidogo, msomaji, usikilize kama ulivyosikiliza Kamukunji. Upepo. Barabara zimefika kabla ya watu, kinyume kabisa na mabanda ya Kamukunji. Hilo lenyewe si kosa lisilo na dawa. Stanford nayo ilianza kukodisha ardhi yake kwa kampuni za teknolojia mwaka 1951, kwa mpango na ramani. Lakini ardhi hiyo ilipakana na chuo chenye maprofesa na wanafunzi, na kampuni za kwanza zilikuwa za watu waliojuana tayari. Mpango ulipanua ujirani uliokuwapo.

Konza basi haihitaji kuombolezwa, inahitaji jirani. Inahitaji vyuo ambavyo wanafunzi wake watalala hapo hapo, watakula hapo hapo na kukutana jioni bila kutafuta basi la kurudi Nairobi. Inahitaji vyumba vidogo vya bei ambayo kijana anaweza kulipa, wala si viwanja vikubwa kwa kampuni kubwa pekee. Inahitaji serikali iwe mnunuzi wa kazi ya vijana na iwalipe kwa wakati, kwa maana kampuni changa hufa kwa kusubiri hundi. Na itafaa pia fundi wa chuma apate banda karibu na fundi wa kompyuta, maana pampu ya maji ya kuendeshwa kwa simu inahitaji mikono ya wote wawili, na mkulima wa Makueni anayehitaji pampu hiyo yuko hapo ng'ambo ya ua.

KWAKO MZAZI, NAWE MWANAFUNZI

Sisi wazazi wa mjini tuna desturi ya kuwaficha watoto wetu kazi za mikono. Tukipita Kamukunji tunafunga madirisha ya gari na kusema, "Usiposoma, utaishia hapa." Mtoto anayeambiwa hivyo hujifunza kwamba akili hukaa ofisini na nyundo hukaa kwa wajinga. Kisha tunashangaa anapomaliza chuo na kutujia na vyeti, akisubiri kuajiriwa na mtu ambaye pengine alianza na nyundo.

Likizo ijayo mpeleke. Hakuna tiketi ya kuingia. Mwambie achague kitu kimoja, karai au jiko au sanduku, akifuate tangu bati hadi rangi, ahesabu mikono iliyokigusa. Amsalimu fundi kwa heshima na kumwuliza alijifunza kwa nani, na ni wangapi wamejifunza kwake wakaondoka kufungua kazi zao. Halafu siku nyingine mpeleke kwenye mojawapo ya vituo vya kompyuta vya Ngong Road na Kilimani, ambavyo huwa na siku za mafunzo na maonyesho kwa wanafunzi, akaulize maswali yale yale mawili.

Nawe mwanafunzi, ukitafuta mahali pa kuanzia maisha, usivutiwe na urefu wa jengo. Tazama kama waliopo wanaonyeshana kazi zao. Tazama kama anayekosea husahihishwa na jirani au hufichwa na mlinzi mlangoni. Tazama kama mteja anaweza kuingia akalalamika. Na uliza majina ya waliotoka hapo wakasimama wenyewe. Wakikutajia wengi, na hata wakiwataja kwa kununa kidogo, weka mkoba wako chini na uombe nafasi kwenye benchi.